Barua kwa mwanangu: kuhusu jina lako na ile orodha ya michango

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unaeleza kwamba kanisa lenu limechangisha fedha za matibabu ya mtoto wa familia moja, kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo umeitoa wewe, na kwamba mwenyekiti wa kamati anataka Jumapili hii majina ya waliochangia yasomwe pamoja na kiasi cha kila mmoja, huku familia ikiitwa mbele kupokea bahasha. Unauliza kama uombe jina lako liondolewe au uliache lisomwe, kwa kuwa Bwana aliyesema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume ndiye huyo huyo aliyesema nuru yetu iangaze mbele ya watu. Kisha, chini kabisa, umeongeza kwamba sehemu fulani ya moyo wako ingependa lisomwe. Nimefurahi kwamba hukuifuta sentensi hiyo, maana bila hiyo ningekujibu kama mtu anayejibu swali la mtihani.

Maneno yote mawili yamo katika hotuba moja, ile ya mlimani, kwa hiyo hatuwezi kudhani kwamba msemaji alijisahau. Katika Mathayo 5:16 watu wanatakiwa wayaone matendo mema ili wamtukuze Baba aliye mbinguni. Katika 6:1 tunakatazwa kufanya wema machoni pa watu "kusudi mtazamwe na wao". Uzito wote uko kwenye hilo kusudi. Ndiyo maana Yesu aliyefundisha kwamba mtu aingie chumbani na kufunga mlango anaposali, aliomba kwa sauti mbele ya umati kaburini kwa Lazaro, na akasema wazi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya watu waliosimama pale.

Luka naye anatuwekea mifano miwili bega kwa bega mwishoni mwa sura ya 4 na mwanzoni mwa sura ya 5 ya Matendo ya Mitume. Barnaba aliuza shamba, akaileta fedha na kuiweka miguuni pa mitume, na jina lake limeandikwa, nasi tunalisoma mpaka leo bila kumwona kuwa mtu wa majivuno. Anania na Safira nao waliuza mali yao, wakazuia sehemu ya thamani yake, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro hakuwalaumu kwa kubakiza. Alimwambia Anania kwamba mali ilikuwa yake, na hata ilipokwisha kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Walichotaka ni kununua sifa ya kutoa vyote kwa bei ya kutoa sehemu.

Kwa hiyo jina lako kuwamo kwenye kitabu cha mweka hazina si dhambi, wala usimwombe asiandike kiasi ulichotoa ukidhani huo ndio unyenyekevu. Fedha za watu huandikwa. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alihakikisha kwamba anaandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu juu ya karama ile, na maelezo hayo hakuona haya kuwaandikia Wakorintho. Chukua stakabadhi yako uiweke. Na mwenzako nyumbani ajue umetoa kiasi gani, kwa sababu siri ya fedha ndani ya nyumba ni jambo jingine kabisa, na Bwana hakuwa akilizungumzia hilo.

Lakini barua yako yote inahusu jina lako, na hakuna mahali unaposema kama familia yenyewe imeulizwa. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Nimewahi kukaa kiti cha mbele katika ibada ya namna hiyo. Mama mmoja aliitwa, akapewa bahasha, akaambiwa aiinue kidogo ili ipigwe picha, kisha kipaza sauti kikasogezwa mdomoni mwake aseme neno. Alisema asante. Akaombwa aseme kwa sauti, watu wa nyuma hawakusikia. Mwanawe mkubwa, ambaye umri wake ulimtosha kuelewa yanayoendelea, alikuwa akitazama viatu vyake muda wote huo tulipokuwa tukipiga makofi, na nina hakika kwamba sisi tuliopiga makofi tulikuwa na nia njema. Tulipotoka nje, kila mtu alijua ugonjwa ni upi, fedha zilipungua kiasi gani, na nani alizitoa. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kuwatahayarisha wasio na kitu, na wao walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya chakula cha Bwana. Ubaya wa jambo haukupunguzwa na utakatifu wa mahali.

Yesu anapokataza kupiga panda, yaani tarumbeta, mbele ya sadaka anazungumza na mtoaji juu ya thawabu yake, hilo ni kweli. Hata hivyo, mimi naamini siri hiyo inamfaa mpokeaji kwanza. Simulizi maarufu kuhusu Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4, inasema alitupa dhahabu usiku ndani ya nyumba ya baba mwenye binti watatu aliyekosa mahari ya kuwaozesha, maana kwao mahari ilitolewa na upande wa binti. Angeileta mchana angewasaidia pia, lakini mabinti wale wangeolewa huku mji mzima ukijua walichangiwa. (Kwamba mtu aliyejificha hivyo ndiye amekuwa mmoja wa watoaji wanaojulikana zaidi duniani, hilo ni la Mungu mwenyewe, si letu kulipanga.)

Sasa nirudi kwenye ile sehemu ya moyo wako. Wahenga walisema tenda wema uende zako, na ni usemi mzuri, ila kuondoka peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kwenda zake na hesabu akaibeba. Hesabu hiyo hukaa kimya miaka mingi, mpaka siku mnapokosana kidogo, au siku yule uliyemsaidia anapokupita bila kukusalimu, ndipo simango linapotoka: "Kama si mimi, mtoto wako angekuwa wapi?" Hakuna anayeamka asubuhi akakusudia kusimanga. Kwa hiyo ninaposoma kwamba hata mkono wa kushoto usijue, naelewa kwamba mtu wa kwanza wa kufichwa ni mimi mwenyewe. Wale wenye haki katika Mathayo 25 wanaposifiwa kwa kumlisha na kumvika Mfalme, wanauliza kwa mshangao ni lini walipomwona ana njaa. Hawakuwa wameandika popote.

Kutamani kushukuriwa si uovu wa kukufanya ujichukie. Bwana mwenyewe aliponya wakoma kumi, na aliporudi mmoja akauliza wale tisa wako wapi. Lakini hakumrudishia hata mmoja wao ukoma wake. Tamaa hiyo ikija, mwambie Mungu katika sala kama ulivyoniambia mimi, kisha uendelee na kazi zako.

Kabla ya Jumapili, nenda kwa mwenyekiti, na usianze na habari za jina lako. Mwombe kwamba familia isiitwe mbele, itangazwe tu jumla iliyopatikana na kwamba imekabidhiwa, na wazee wawili waipeleke nyumbani kwao siku ya kawaida. Akikubali hilo, huenda orodha nayo isiwe na kazi tena. Akikataa na majina yakasomwa, kaa kimya kama wengine. Usisimame kupinga, kwa maana anayekataa sifa kwa kelele huwa ameiomba mara mbili. Na ukikutana na mama wa mtoto, muulizie mgonjwa kama angeulizia jirani yeyote, umsikilize, na mazungumzo yakihamia kwingine yaache yahame.

Jina la familia hiyo hukuniandikia, nami sitaliuliza. Niandikie tu mtoto anaendeleaje. Baba yako anakusalimu.

Mama yako.