Jibu: Wasifu wa mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba uko mwaka wa tatu wa uhasibu hapa Moshi, na kwamba SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) na kampuni za utalii za Arusha ulizoziandikia kuomba kazi hazijakujibu. Unauliza urekebishe nini kwenye wasifu na barua yako.

Kagua kwanza ulivyoeleza mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wengi wanaoniletea wasifu wao huyataja kwa mstari mmoja, huku matokeo ya kidato cha nne yakijaza nusu ukurasa. Geuza mpangilio huo: eleza kwamba ulilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ulitumia programu gani, na nani aliikagua kazi hiyo, kwa sababu meneja anatafuta mtu atakayeanza kazi bila kufundishwa upya. Uweka hazina wa kikundi cha chuo nao ni uzoefu halali; uandike.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja, na ijibu masharti ya tangazo lenyewe. Usipeleke barua ileile kila mahali, maana SACCOS inajali mikopo na marejesho, ilhali kampuni ya utalii inajali ankara za wageni na fedha za kigeni. Wadhamini, yaani watu watakaothibitisha sifa zako kwa mwajiri, uwaombe ridhaa kabla ya kuandika namba zao.