Ratiba Mpya Ikitoka, Iandike kwa Penseli

Siku ratiba ya msimu mpya inapotoka, simu yangu haitulii. Kundi letu la mashabiki linajaa picha za ratiba kabla hata sijanawa uso. Mmoja anauliza watani wa jadi tunakutana nao lini, mwingine anahesabu mechi za ugenini za Desemba na kuandika kwa herufi kubwa kwamba tumeonewa. Ikifika saa sita mchana, yuko aliyekwisha kutugawia pointi 13 katika mechi tano za kwanza. Naipenda sana siku hiyo. Baada ya wiki nyingi bila mpira, kuona jina la klabu yako limewekwa mkabala na jina la mpinzani, na tarehe pembeni, kunarudisha uhai.

Nimefuatilia ratiba kwa zaidi ya miaka ishirini, na somo kubwa nililopata liliniumiza: orodha ile ya kwanza ni rasimu. Inakueleza mtacheza na nani na kwa mfuatano upi. Siku na saa zenyewe huja baadaye, wenye haki za matangazo wakishachagua mechi wanazozitaka. Ukilielewa hilo mapema utaokoa pesa, likizo na machungu mengi.

Mimi nililielewa mwaka ambao baba alistaafu. Klabu hii nimeirithi kwake. Ratiba ilipotoka tukaona mechi ya ugenini, Jumamosi saa tisa alasiri, katika uwanja ambao alikuwa akiusikia redioni tangu ujana wake na hajawahi kuukanyaga. Siku hiyohiyo nikaomba ruhusa kazini, nikakata tiketi za basi za kwenda na kurudi, zile za bei nafuu ambazo ukishalipa hurudishiwi kitu. Wiki tano kabla ya safari ikatoka taarifa fupi: mechi imesogezwa hadi Jumatatu, saa mbili usiku, kwa ajili ya televisheni. Jumatatu sikuwa na ruhusa, na tiketi hazikubadilishika. Nilikaa na simu mkononi nikitafuta namna ya kumwambia. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Twende tu, mwanangu. Angalau nikauone uwanja."

Tukaenda. Jumamosi ileile, saa tisa ileile, tulikuwa tumesimama nje ya lango lililofungwa. Mlinzi wa makamo akamwamkia baba, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akatupitisha hadi juu ya ngazi za jukwaa. Mabomba yalikuwa yakizunguka yakinyunyizia nyasi maji. Mtu mmoja alikuwa akisukuma kitoroli cha kuchora mistari, anakwenda hatua chache, anasimama, anageuka kutazama chokaa iliyobaki nyuma yake kama imenyooka. Baba alimfuata kwa macho kutoka kibendera cha kona moja hadi kingine, bila kusema neno. Jumatatu usiku tukaitazama mechi nyumbani, na kila kamera ilipoelekea jukwaa lile alinigusa goti.

Baba hakulalamika hata mara moja. Mimi bado inaniuma, na ndiyo maana naandika haya kila ratiba mpya inapokaribia.

Siku hizi nina daftari. Mechi zote naziandika kwa penseli, na ninaacha nafasi upande wa kulia. Saa ya mechi ikithibitishwa baada ya televisheni kuchagua, ndipo naiandika kwa wino. Mechi ya penseli siikatii tiketi, siiombei likizo, wala simwahidi mtu. Ikinilazimu kulipia safari mapema, natafuta tiketi inayoweza kubadilishwa siku, hata kama ni ghali kidogo, au napanga kulala kule siku tatu ili mechi ikisogea nyuma au mbele niwe bado nipo.

Kwa nini mechi zinahama sana? Tazama Ligi Kuu ya Uingereza, maana huko mambo yako wazi. Timu ni 20, mechi ni 380. Orodha hutoka mwezi Juni, na mechi nyingi huwa zimewekwa Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa za kule. Lakini katika mkataba wa matangazo ulioanza msimu wa 2025/26, kampuni ya televisheni ya Sky peke yake imechukua angalau mechi 215, na TNT Sports 52. Hizo ni zaidi ya theluthi mbili ya mechi zote za ligi. Na mechi ikichaguliwa haiwezi kubaki Jumamosi saa tisa, kwa sababu siku hiyo, kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni, televisheni za kule haziruhusiwi kuonyesha mpira mubashara. Utaratibu huo ulianza miaka ya 1960 ili watu waendelee kwenda viwanjani, hasa kwenye klabu ndogo. Basi mechi inahamia Ijumaa usiku, Jumamosi mchana au jioni, Jumapili, au Jumatatu usiku. Isiyochaguliwa ikibaki Jumamosi saa tisa, shabiki aliye nchi ya mbali anaweza kuiona mubashara mechi ambayo jirani wa uwanja ule, kama hana tiketi, anaisikiliza redioni.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mechi yetu ni Jumamosi ya tarehe fulani" miezi sita kabla, mwelewe kuwa anakuambia wiki. Siku bado.

Kuhusu malalamiko kwamba tumepangiwa vibaya: nimeyasema sana, na sasa nayasema kwa uangalifu zaidi. Ratiba za ligi kubwa hutengenezwa na kompyuta zenye masharti mengi. Kule Uingereza, kwa mfano, katika kila mechi tano wapangaji hujaribu kuipa timu mbili nyumbani na tatu ugenini, au kinyume chake, na klabu mbili zilizo jirani huepushwa kucheza nyumbani siku moja kwa ajili ya polisi na usafiri. Ukisogeza mechi moja, nyingine kadhaa zinatikisika. Sijawahi kupata ushahidi kwamba kuna mtu amekaa mezani akiipangia klabu yangu mateso.

Cha kuchunguza ni mapumziko kati ya mechi na mechi. Jina la mpinzani linadanganya. Msimu mmoja tulipangiwa timu tatu zilizopanda daraja ndani ya wiki sita za mwanzo, na kundi letu zima likashangilia. Tuliambulia pointi mbili. Timu iliyopanda daraja, mwanzoni mwa msimu, ikiwa nyumbani kwake, ina uwanja uliofurika na wachezaji ambao hawajachoka wala kukata tamaa. Ningependa zaidi kukutana nayo Februari.

Chukua ratiba ya ligi, weka kando yake tarehe za mashindano ya Ulaya au ya bara lenu, za makombe ya ndani, na za mapumziko ya kimataifa, ligi zinaposimama kupisha timu za taifa. Hapo ndipo ugumu wa kweli unapoonekana. Tangu mwaka 2024 Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ina timu 36, na kila moja hucheza mechi nane katika hatua ya ligi badala ya zile sita za makundi. Hatua hiyo inakwisha mwishoni mwa Januari, na wanaoshika nafasi ya 9 hadi 24 wanaongezewa mechi mbili za mchujo Februari. Klabu yenye mzigo huo ikicheza ugenini Jumatano usiku kisha ipangiwe Jumamosi saa sita na nusu mchana, mimi mechi hiyo naizungushia duara hata kama mpinzani ni wa mkiani. Jürgen Klopp, alipokuwa kocha wa Liverpool, aliilalamikia saa hiyo mara nyingi, na hakuwa akitafuta visingizio. Miguu ya mchezaji haijui nani kalipia matangazo.

Makombe ya ndani nayo huzaa viporo. Timu ikifika mbali, mechi ya ligi ya wikiendi ile inaahirishwa na kupachikwa katikati ya wiki, mwezi ambao tayari umejaa. Angalia pia wachezaji wako wanaitwa timu zipi za taifa. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyofanyika Morocco ilianza Desemba 2025 na kuishia Januari 2026, kipindi ambacho ligi nyingi zimepamba moto. Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48 na mechi 104, fainali yake iliwekwa Julai 19. Mchezaji anayefika hatua hizo harudi mazoezini siku moja na wenzake, basi mechi tatu za kwanza usizisome kama kikosi kimekamilika.

Sasa televisheni, maana wengi wetu msimu mzima tunauona hapo. Hapa nilikosea kwa namna nyingine. Mwaka mmoja nililipia kifurushi cha mwaka mzima mwezi Julai, kwa kuwa tangazo lilisema "mechi zote za ligi". Zilikuwepo kweli. Lakini klabu yangu ilikuwa imefuzu mashindano ya Ulaya, na haki za mashindano yale zilikuwa za kampuni nyingine, na kombe la ndani lilikuwa la kampuni ya tatu. Kufikia Desemba nilikuwa nimekosa mechi saba nilizokuwa nikidhani nimezilipia. Haki za matangazo huuzwa kwa shindano na kwa nchi. Ukweli kwamba rafiki yako wa nchi jirani anaiona mechi kwenye chaneli fulani hauna maana kwamba wewe utaiona hapohapo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, keti na daftari lako. Orodhesha mashindano ambayo klabu yako itacheza, andika kila moja linaonyeshwa na nani nchini kwako msimu huu, si msimu uliopita, kwa sababu mikataba huisha. Kisha lipa mwezi kwa mwezi angalau hadi Oktoba. Kufikia hapo utakuwa umejua chaneli ipi unaitazama kweli na ipi imekaa tu. Mwezi wenye mapumziko ya kimataifa na mechi mbili tu za klabu yako, amua kama unastahili malipo kamili.

Jambo dogo ambalo huwaponyoka wengi: saa. Nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Kama unakoishi saa hazibadiliki, mechi uliyozoea kuiona saa fulani itaanza saa moja baadaye wakati wote wa baridi yao. Na kama unatazama kwa intaneti, picha huchelewa nyuma ya setilaiti kwa sekunde nyingi. Zima arifa za kundi mpira ukianza. Goli la dakika ya 90 lililotangazwa na simu kabla ya macho yako kuliona ni goli lililoibwa.

Kuhusu kulalamika: lalamikeni, lakini kwa pamoja na kwa hoja. Ujerumani mashabiki walizipinga mechi za Jumatatu za ligi kuu yao, Bundesliga, kwa sababu inayoeleweka na kila mtu: anayefanya kazi Jumanne asubuhi atasafirije kurudi usiku ule? Februari 2018 mashabiki wengi wa Borussia Dortmund waligomea mechi ya Jumatatu dhidi ya Augsburg, na uwanja uliozoea watu zaidi ya elfu 80 ukapata kama elfu 54. Mwaka huohuo ligi ikatangaza kwamba Jumatatu zitaondolewa, na kuanzia 2021/22 zikaondoka. Uingereza, Oktoba 2020, wakati viwanja vimefungwa kwa sababu ya korona, mashabiki walitakiwa kulipa pauni 14.95 kutazama mechi moja kwenye televisheni. Wengi wakakataa, wakazipeleka pesa hizo kwenye misaada ya chakula. Mpango ule haukumaliza mwaka.

Si kila mara hushinda. Mashabiki wa Wolves walipinga mechi yao na Chelsea kuwekwa tarehe 24 Desemba 2023, mkesha wa Krismasi, na ikachezwa. Hata hivyo uongozi wa klabu ukipokea barua moja yenye sahihi mia tano na swali moja, "basi la mwisho linaondoka saa nne usiku, mechi inaisha saa nne kasoro, mashabiki wetu watarudije?", unakuwa na kitu cha kupeleka kwenye kikao cha ligi. Matusi ya kundini hayafiki kikaoni. Ninyi mnaojua safari ilivyo ndio mnaopaswa kuiandika.

Daftari la msimu huu liko mezani. Kuna mechi ya Machi, ugenini, kwenye uwanja ule niliokwenda na baba. Binti yangu anataka twende sisi wawili na babu yake, na kila Ijumaa ananiuliza kama saa imetoka. Bado. Nimemwambia tiketi hatukati mpaka babu yake achukue kalamu ya wino aiandike mwenyewe. Naye mzee ameichukua kalamu yangu, ameiweka mfukoni mwa shati lake, na anakataa kuirudisha.