Jibu: Kwa nini waksiwingi huonekana Uingereza majira fulani ya baridi tu

Ndugu, umeuliza kwa nini waksiwingi, ndege wahamaji wala matunda, walijaa Uingereza katika majira ya baridi ya 2023 hadi 2024, ilhali miaka mingine hupita karibu bila kuonekana. Sababu kubwa ni chakula: ndege hawa huzaliana katika misitu ya Skandinavia na Urusi, na idadi yao inapokuwa kubwa huku matunda ya mirowani (miti midogo yenye vishada vya matunda mekundu) yakiwa haba, huvuka Bahari ya Kaskazini kwa makundi. Wengi hutua kwanza mashariki mwa Uskoti, Aberdeen ikiwemo, kisha husogea kusini na magharibi kadiri wanavyomaliza matunda, na katika miaka mizuri hufika hadi Dublin.

Nakushauri usihangaike msituni. Tafuta maegesho ya magari ya maduka makubwa, ambako mirowani hupandwa kama pambo. Waksiwingi akiruka hufanana mno na kwezi wa Ulaya, lakini akitua utaona kishungi, ncha ya mkia ya manjano na, kwa kweli ndilo linalonivutia zaidi, vitone vyekundu vya mbawani vinavyong'aa kama lakiri. Ukiwakosa, subiri papo hapo, kwani huurudia mti uleule mpaka matunda yaishe.