Fundi wa Mtandao: Waifai ya kwenye fleti

Fundi, alfajiri intaneti inakimbia, saa 2 usiku video inakwamakwama. Kampuni inaniibia? (Pipeline, Nairobi)

Pima kabla hujamlaumu mtu. Saa hiyohiyo ya usiku, unganisha laptopu na ruta kwa waya, uangalie kasi. Kama kwa waya unapata unacholipia na kwa waifai unapata robo yake, kampuni haina kosa. Majirani wamerudi kutoka kazini na kila mmoja kawasha ruta yake. Kama hata waya unakokota, wapigie kampuni na uwatajie namba ulizopata. Usipowatajia, watakwambia uzime uwashe.

Programu ya kupima waifai inanionyesha karibu jengo zima liko chaneli 6, yaani njia moja ya mawimbi. Nikihamia 4, ambako hakuna mtu, si nitapumua? (Sinza, Dar es Salaam)

Hapana, utajiongezea shida. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali ruta moja hutumia upana wa megahezi 20 hivi. Ukikaa 4 unawakanyaga wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Ruta za chaneli moja angalau husikilizana: mmoja akituma, mwingine anangoja zamu. Anayejibanza katikati haeleweki kwa yeyote, anabaki kelele tu, data inaharibika na kutumwa upya.

Ukichagua kati ya hizo tatu, usihesabu majirani pekee. Tazama zile namba hasi za nguvu ya mawimbi: -45 ni mtu wa ukuta wa pili, -85 yuko mbali na hakusumbui sana. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta, upana uwe megahezi 20. Ruta nyingine huchukua 40 zenyewe bila kukuuliza, na hapo umemeza karibu nusu ya masafa yote.

Ninunue ruta ya antena nane?

Hela yako, lakini simu yako haitaongezewa sauti. Ruta inaweza kuifikia simu, simu ikashindwa kuifikia ruta. Ndiyo maana wakati mwingine unaona mistari yote imejaa na ukurasa haufunguki.

Washa masafa ya gigahezi 5 kwenye ruta kwanza. Chaneli ni nyingi zaidi, na ukuta wa mawe unaizuia ya jirani isikufikie. Ya kwako pia itazuiwa, kwa hiyo mwenye vyumba vitatu ajipange. Wa chumba kimoja hana wasiwasi.

Mikrowevu ikiwashwa, waifai inapotea. Ni mawazo yangu?

Si mawazo. Mikrowevu inafanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na mawimbi kidogo huvuja. Isogeze mbali na ruta.

Wapangaji wanne tunachangia ruta moja. Sasa kila mtu anataka ya kwake.

Wabembelezeni wabaki: ruta nne zitabanana kwenye chaneli zilezile. Ongezeni kifurushi, wekeni ruta kwenye korido badala ya nyuma ya televisheni ya mtu, na televisheni zote zivutiwe waya. Hizo ndizo zinazokula nafasi ya hewani usiku kucha, na hazihami. Vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani msinunue: vingi hurudia kila kitu mara ya pili kwenye chaneli ileile.