Tinti ya skrini ya kurushia picha kwa nyuma: anza na mwanga wa mbele

Wengi huchagua filamu ya skrini, ile plastiki inayobandikwa kwenye kioo ili picha ionekane upande wa pili, wakati wa usiku, projekta ikiwa nyuma ya kioo na taa zimezimwa. Hapo kila filamu inapendeza, na nyeupe ndiyo inang'aa kuliko zote. Kesho yake saa nne, jua la Dodoma likishapanda, picha ileile imepauka kama kanga ya zamani.

Projekta hairushi weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni skrini yenyewe isipopigwa mwanga. Skrini ikiwa nyeupe, mwanga wa barabarani unaigonga na kurudi machoni, na nyeusi inageuka kijivu. Hapo ndipo tinti, yaani kiza cha filamu yenyewe, inaposaidia: mwanga wa projekta unaipita mara moja, ule wa mbele, wa upande wa mtazamaji, unaipita mara mbili, kuingia na kurudi. Tinti inayopitisha nusu inabakiza nusu ya picha, lakini mng'ao wa nje unashuka hadi robo.

Ukumbi wenye mapazia mazito, weka nyeupe. Mapokezi ya hoteli yenye taa, kijivu. Dirisha la duka kule Jamatini, chini ya baraza, kijivu kizito au nyeusi. Ila hesabu lumeni kwanza, yaani mwanga wote unaotoka kwenye projekta. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye picha ya mita 2 kwa 1.1 inatoa kama luksi 1,360 (lumeni kwa kila mita ya mraba), na tinti ya nusu inabakiza 680. Haitoshi? Punguza picha. Hilo halina gharama, tofauti na projekta mpya. Jua likipiga kioo moja kwa moja ni luksi karibu 100,000, na hakuna tinti ya kushindana nalo. Kioo kinachotazama magharibi kisubiri jioni.

Tinti ya gari usiiguse. Haina ukungu wa kusambaza mwanga, kwa hiyo picha inapenya hadi barabarani na mpita njia anapigwa lenzi machoni. Hata filamu halisi, ikiwa ya kupitisha mno, huonyesha duara jeupe katikati: pandisha au shusha projekta, lenzi itoke kwenye mstari wa macho.

Chumba cha nyuma kipake rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo mwanga unaorudi ukutani utapausha picha upya.

Kabla ya kununua mita nzima, omba vipande vya A4. Futa vumbi, bandika kwa maji yenye matone ya sabuni, rusha maandishi meupe juu ya nyeusi saa saba mchana, kisha vuka barabara utazame. Chukua kile chenye tinti nyepesi kuliko vyote ambacho nyeusi yake bado ni nyeusi.