Kabla hujauza kifaa cha pikipiki, ilaze kwanza chini

Mkuu umeuliza mambo mawili: uanzie wapi kutengeneza vifaa vya pikipiki vya kumpunguzia dereva uchovu na kumkinga, na kama ukachukue hataza, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wako, kabla hujamwonyesha mtu yeyote. Ukasema mawazo yako ni makava ya mikono ya kuzuia mvua na baridi, yale unaingiza mkono mzima ndani, na mto wa kuweka juu ya siti. Mi vyote viwili nimeshatengeneza na vingine kama sita hivi, vingi vimeishia kwenye ndoo ya chakavu, kwa hiyo ntakujibu kwa makosa yangu maana ndo ninayoyajua vizuri.

Tuanze na hayo makava. Ya kwanza nilishona kwa turubai laini, nikayavisha kwenye usukani, nikatoka nayo kwenye mvua, mikono mikavu, vidole vina joto, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya tatu tuko barabara kuu na jamaa yangu yuko nyuma na pikipiki yake, tuliposimama akaniuliza "we mbona unashika breki safari nzima?" Nikamwambia sijashika. Akasema taa ya nyuma imewaka tangu tulipoanza kukimbia. Tukabishana pale. Mwisho nikatemea mate diski ya mbele, yakachemka. Hapo ndo tukanyamaza wote wawili.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki: ukienda taratibu turubai linakaa mbali na mkono wa breki, ukikimbia upepo unalisukuma, na lenyewe linausukuma mkono wa breki. Swichi ya taa ya breki haitaki nguvu, mkono ukisogea kidogo tu taa inawaka, ukisogea zaidi pedi zinaanza kusugua diski. Yaani nilikuwa naendesha na breki imeshikwa na upepo, halafu anayenifuata hawezi kujua saa ngapi nashika breki kweli kweli. Nikiwa karakana nilikuwa nimeshayajaribu makava yale kwa kila namna niliyoijua, isipokuwa kuyapeleka kwenye upepo.

Dawa yake haikuwa ngumu. Niliweka upinde wa waya mgumu ndani ya turubai ili likae mbali na mikono ya breki na klachi, nafasi ya vidole vinne kwa mbele hata ukilisukuma kwa kiganja. Na mdomo wa kuingizia mkono nikaufanya mpana na mgumu, sio wa lastiki, maana wa lastiki unapendeza kwa joto ila ukianguka mkono unabaki ndani na pikipiki inakuburuta. Jaribio langu ni hili: vaa glovu, zilowanishe, ingiza mikono, fumba macho, mtu akupigie kelele "toa!" muda wowote anaotaka. Mkono ukitoka na kava likaufuata, au glovu ikabaki ndani, rudi mezani ushone upya.

Sasa hapo ndo jibu langu la swali lako la kwanza. Usianze na mchoro, usianze na rangi wala nembo. Anza na kujiuliza kifaa hiki kinafanya nini usukani ukikatwa mpaka mwisho kushoto na kulia, na kinafanya nini pikipiki ikilala. Mi nina godoro kuukuu karakana, kila kifaa kipya nakifunga kwenye pikipiki halafu namwita mtu tunailaza taratibu juu ya lile godoro, upande huu na upande ule, na mimi nakaa kwenye siti mguu ukiwa pale unapokuwaga. Tunaangalia nini kinagusa chini kwanza, nini kinaelekea kwenye goti, nini kimeuziba mguu. Watu wanacheka wakituona. Ila lile godoro limenifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Godoro ndo lililoua bampa langu la kwanza, hizi bomba za kukinga injini. Nililichomelea mwenyewe, bomba nene, lina nguvu kweli, nikalifunga na bolti kwenye bomba la fremu katikati pasipo na kitu. Pikipiki ilipolala nikaona uzito wote unapita kwenye bampa na kuishia kwenye bomba la fremu lisilo na msaada, yaani ikianguka kwa kasi bampa litabaki zima na fremu ndo itapinda. Tena mguu wangu ulikuwa na nafasi ya kuingia kati ya bampa na injini lakini hauna nafasi ya kutoka. Bampa zuri lifungwe kwenye masikio yanayoshika injini, na lipinde lenyewe kabla fremu haijapinda. Kuna mtu aliniambia bampa linalopinda ni la hovyo, nikamwuliza sasa we ulitaka kipinde nini.

Mto wa siti. Huu ndo unadanganya kuliko vyote kwa sababu unajaribiwa kwa makalio ya dakika kumi. Mtu anakalia sponji laini dukani anasema duh raha, akienda saa mbili anashuka anatembea kama bata. Sisi tunakaa juu ya mifupa miwili ya chini ya nyonga, sponji laini inaminywa pale chini ya ile mifupa mpaka inaisha, halafu umekalia bati. Sponji ngumu kiasi inaonekana mbaya mwanzoni ila inakutandaza uzito kwenye eneo kubwa. Nilivyopata umbali wa mifupa yangu: chukua boksi la karatasi lenye mawimbi ndani, liweke kwenye kiti kigumu, likalie dakika chache umeinua magoti kidogo, inuka upapase, utakuta mabonde mawili. Pima katikati kwa katikati. Kipande kigumu kiende chini ya hayo mabonde na sponji laini ikae juu yake nyembamba tu. Na katikati kwa mbele wacha mfereji, damu ipite. Jeli nayo watu wanaisifia ila ikikaa juani inashika joto, utajuta, na mtikisiko haiupunguzi kama wanavyosema.

Kitu kingine kuhusu huo mto ambacho hakuna aliyeniambia: sentimita tatu za mto ni sentimita tatu za mguu. Mi mfupi, nilipoweka mto nikawa nafika chini kwa ncha za vidole, siku moja nikasimama sehemu yenye mteremko upande, mguu ukakosa ardhi, tukalala wote. Sikuumia, ila niliyembeba nyuma aliniangalia vibaya mpaka tulipofika. Kwa hiyo mto wako upunguze upana kwa mbele karibu na tangi ili miguu ishuke wima, utapata urefu uliopoteza. Na mikanda ya kufungia isining'inie hata kidogo, chini pale kuna mnyororo na tairi, mkanda ukidakwa hiyo ni safari nyingine. Chini ya mto weka kitu kisichoteleza maana ukishika breki kali utaenda na mto mpaka kwenye tangi, kwa mwanaume hilo sina haja ya kulieleza.

Kuna kifaa kimoja nilikipenda sana nikakiua mwenyewe. Ni kibao cha kiganja kinachobana kwenye eksileta, unakilalia kiganja badala ya kukunja vidole muda wote, mkono haufi ganzi. Kwenye barabara ndefu ni raha tupu. Sasa nikawa nageuza pikipiki mahali pembamba, usukani umekata mpaka mwisho, kiganja kikakikanyaga kile kibao bila kukusudia, pikipiki ikaruka mbele ikapiga ukuta. Vinauzwa na watu wanavitumia bila shida, ila ukitaka kukitengeneza kifanye kiwe rahisi kukizungusha kisikae chini ya kiganja ukiwa mjini, na uandike onyo kwa herufi kubwa.

Mtikisiko wa mikono dawa yake ya kawaida ni vyuma vizito vya mwisho wa usukani. Haviui mtikisiko, vinaishusha kasi ya asili ya usukani kutikisika ili isikutane na ya injini kwenye mwendo unaopenda kwenda. Ndo maana chuma kile kile kwenye pikipiki moja ni muujiza na kwenye nyingine hakuna kitu, jaribu uzito tofauti tofauti kabla hujatangaza umegundua. Na ukitengeneza kishikio cha simu usidharau huu mtikisiko, mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtikisiko mkubwa wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Kwa hiyo kishikio chenye mpira wa kumeza mtikisiko sio anasa.

Kelele nayo watu wanaisahau kabisa. Uchovu mwingi unaodhani ni wa mgongo ni wa masikio. Kwenye 100 km/h upepo ndani ya helmeti unaweza kupita desibeli 95. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanakupa saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, piga hesabu utakuta kwenye 97 una nusu saa tu. Vizibo vya masikio vya sponji vinafanya kazi kuliko vioo vya mbele vitatu nilivyokata. Kioo cha mbele chenyewe kinaweza kuongeza kelele, kikiishia usawa wa kidevu kinautuma upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti. Bandika nyuzi fupi za sufu kwenye kioo, kifuani na kwenye helmeti kwa selotepu, mtu akupige video kwa pembeni, pale nyuzi zinapocheza kama zimepagawa ndo pa kurekebisha. Mara nyingi ukiacha upenyo chini ya kioo hewa ipite inatulia kuliko ukikirefusha.

Upande wa usalama ushauri wangu ni usome watu wanaumiaje kwanza ndo ubuni. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza, alipopata ajali ya pikipiki 1935 akafa baada ya siku sita bila kuzinduka, mmoja wa madaktari waliomhudumia ni Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Yule daktari hakukimbilia kubuni kofia, alienda kuhesabu majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza, akachapisha 1941, helmeti zikapata hoja. Halafu kuna ripoti ya mtafiti wa ajali Harry Hurt ya Los Angeles ya 1981, walichunguza ajali zaidi ya 900. Kati ya zile za kugongana na chombo kingine, kama theluthi mbili mwenye gari ndo aliyemkatia pikipiki njia, na dereva wa pikipiki alikuwa na chini ya sekunde 2 za kufanya chochote. Hapo unaelewa kwa nini kifaa cha kukufanya uonekane kinaweza kukusaidia kuliko kifaa cha kukukinga ukishagongwa.

Mi niliweka taa mbili ndogo chini, moja kila upande, zikafanya pembetatu na taa kubwa. Taa moja ya mbali haimwambii mtu kama inakuja au imesimama, ila pembetatu inayotanuka jicho linaishtukia. Zielekeze chini, usimpofushe mwenzio. Na umeme usiuibe kwenye waya wa taa kubwa kama nilivyofanya mimi nikabaki gizani ule waya ulipoungua. Weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, waya utoke betri, fyuzi karibu kabisa na betri. Taa mbili za wati 20 kwa volti 12 ni kama ampea 3.3, fyuzi ya 5 inatosha.

Kuhusu material, ukichapa vipande kwa printa ya 3D usitumie PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizo, inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na kitu cheusi juani kando ya injini kinafika huko kirahisi, kishikio changu nilikikuta kimeinama kama kimesikia habari za msiba. Bolti zako zote ziwekee gundi ya kuzuia bolti isilegee, halafu piga mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma, baada ya kilomita 50 angalia mistari, uliovunjika ndo bolti inayotoka.

Hataza sasa. Kabla hujatumia hela kaa jioni mbili kwenye Espacenet na Google Patents, tovuti za kutafutia hataza za watu, ni bure, angalia michoro tu hata kama lugha inakusumbua. Mi nilifanya hivyo na upinde wangu wa waya nikakuta wameshaufikiria watu zamani. Kama kweli hujakikuta basi kaa kimya mpaka upeleke maombi, maana nchi nyingi ukishakionyesha hadharani kimekosa upya na hataza hupati tena, Marekani kwa mfano wao wanakupa mwaka mmoja. Hadharani ni pamoja na picha utakayoniwekea hapa. Mto wako sidhani kama una kitu cha kuficha, samahani, ila kama kwenye kava umebuni namna mpya ya kufungulia mkono basi hiyo sehemu usiionyeshe.

Iliyobaki tuletee picha. Upande wa breki, usukani umekatwa kulia mpaka mwisho, mkono ukiwa ndani na vidole viko kwenye breki. Hiyo ndo nataka kuiona kwanza.