Maswali ya Wasomaji: Rangi, Ukubwa na Uzito wa Nyota

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watoto wa Kisumu, Nakuru na Bungoma, na karibu zote zinauliza kuhusu nyota. Tumechagua chache.

Kwa nini nyota nyingine ni nyekundu na nyingine nyeupe? Baba anasema nyekundu ndizo zilizo mbali. (Mwanafunzi wa Gredi ya 5, Kisumu)

Mwambie baba, kwa heshima, kwamba tofauti hiyo haitokani na umbali. Inatokana na joto la uso wa nyota. Watazame mafundi wa jua kali wanapofua chuma, ila usisogee karibu. Chuma kikishika moto huwa chekundu, kikizidi huwa rangi ya chungwa, kisha njano inayokaribia weupe. Hakifiki mbali zaidi ya hapo kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Nyota haina kikomo hicho, kwani ni gesi tangu mwanzo, hivyo huvuka weupe ikafika samawati. Hapa ndipo watoto wengi hukosea: bomba la maji moto hupakwa rangi nyekundu, wakadhani nyota nyekundu ndiyo yenye moto mkali. Kumbe ndiyo iliyopoa kuliko wenzake.

Betelgeuse, nyota nyekundu, ina nyuzi karibu 3,300 usoni. Jua letu lina 5,500. Sirius, nyeupe, ina kama 9,700, na Rigel, yenye usamawati, inakaribia 12,000.

Hizo zote unaweza kuziona ukiwa Kisumu, bila kifaa chochote. Toka nje mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, siku isiyo na mwezi. Tazama juu ya utosi: kuna nyota tatu zilizopangana kwa mstari mfupi. Huo ni mkanda wa kundi la Orion, liitwalo pia Jabari, na kwa kuwa sisi tuko karibu kabisa na ikweta, linapita juu ya vichwa vyetu. Upande wa kaskazini wa mkanda ni Betelgeuse, upande wa kusini ni Rigel. Ufuate mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki utaikuta Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Ukiufuata kinyume, utapita karibu na Aldebaran, yenye rangi ya chungwa, kisha ufike Kilimia.

Ukitoka tu nje hutaona rangi vizuri. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya. Ukihitaji mwanga, funika tochi kwa karatasi nyekundu inayopitisha nuru. Walio karibu na ziwa wageukie upande wa bara, maana taa za wavuvi wa omena huharibu giza. Usizipimie rangi nyota zilizo chini karibu na upeo: hapo nuru hupita kwenye hewa nene, na hata Sirius humetameta nyekundu na kijani. Mwenye darubini ya mkononi aiegemeze ukutani, kisha avuruge kidogo makusudi ulengaji wa lenzi ili nyota ivimbe iwe kiduara. Rangi hujitokeza wazi zaidi hivyo. Jua lenyewe msilielekezee darubini kamwe. Linapofua jicho kwa sekunde moja, na jicho halirudi.

Mbona hakuna nyota ya kijani? (Gredi ya 6, Nakuru)

Swali zuri sana. Nyota hutoa rangi zote kwa pamoja, ila rangi moja huzidi. Jua letu lina nguvu zaidi karibu na kijani, lakini nyekundu na samawati nazo zipo tele pembeni, na jicho likizipokea zote kwa mkupuo huona weupe. Ndiyo, Jua ni jeupe. Unjano tunaouona hutokana na hewa yetu.

Nawaonyeshaje wanafunzi ukubwa wa nyota bila vifaa? (Mwalimu, Nakuru)

Mwalimu, unahitaji uwanja, kigingi, kamba ya sentimita 50 na chokaa. Chora duara lenye kipenyo cha mita 1: hilo ndilo Jua. Kipenyo chake halisi ni kilomita milioni 1.39, yaani Dunia 109 zikipangwa mstari. Kwa kipimo hicho Dunia ina milimita 9. Tafuta punje ya mahindi ya upana huo, mpe mtoto mmoja atembee nayo mita 107, ambao ndio umbali wa Dunia na Jua kwa kipimo hicho. Uwanja wa mpira huenda usitoshe, kwa hiyo pima barabara ya shule mapema, la sivyo somo litakatikia njiani.

Sasa waulize Betelgeuse ingekuwa na upana gani. Ni karibu mita 700. Na nyota iliyo jirani na Jua, Proxima Centauri, ungeiweka kilomita 29,000 kutoka hapo mlipo, ambayo ni zaidi ya vipenyo viwili vya Dunia halisi.

Ukubwa si uzito, hilo walisikie pia. Sirius ina mwenzake mdogo, Sirius B, asiyezidi Dunia kwa upana lakini mwenye uzito unaokaribia wa Jua zima. Kijiko kimoja cha chai cha mata yake kinazidi tani 5. Uzito huo ulijulikana kwa kuangalia jinsi nyota hizo mbili zinavyozungukana, mzunguko mmoja kwa miaka 50.

Je, nyota zina pembe tano kweli? (Gredi ya 3, Bungoma)

Hapana, mwanangu. Uvutano wake huzivuta pande zote sawasawa zikawa mviringo. Miali unayoiona hutengenezwa ndani ya jicho lako. Zile zinazojizungusha kwa kasi sana, kama Achernar ya upande wa kusini, hubonyea kwenye ncha na kufura katikati, lakini pembe hazina.

Nyota kubwa huishi miaka mingi kuliko ndogo? (Gredi ya 6, Kisumu)

Ni kinyume. Kitovu cha nyota nzito hubanwa zaidi, kikawa na moto mkali zaidi, na haidrojeni, ambayo ndiyo kuni zake, huishia humo upesi. Betelgeuse ina miaka mamilioni tu, nayo tayari imezeeka. Jua lina miaka bilioni 4.6 na limebakisha kama bilioni 5, ingawa kila sekunde linageuza tani milioni 600 hivi za haidrojeni kuwa heli. Proxima Centauri, yenye takriban asilimia 12 ya uzito wa Jua, itawaka kwa matrilioni ya miaka. Lakini ni hafifu mno: japo ndiyo jirani yetu wa karibu kuliko wote, bila darubini huwezi kuiona.